Kujitengenezea ruta nyumbani: kadi ya mtandao iangaliwe kwanza

Wakazi waliofikiwa na faiba kwa kawaida huunganishwa kwa kisanduku kimoja kinacholetwa na kampuni ya intaneti. Kisanduku hicho hutosha kwa simu chache na televisheni. Shida huanza pale nyumba inapokuwa pia duka au saiba: kamera za ulinzi, kompyuta ya mahesabu, simu za wateja na za watoto, vyote vikitumia mtandao mmoja. Mteja aliyepewa nenosiri la Wi-Fi akija na simu iliyoingiwa na programu haribifu, kompyuta yenye majina na madeni ya wateja huwa hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde.

Suluhisho mojawapo ni kugeuza kompyuta kuukuu kuwa ruta yenye ukuta wa kinga, unaochuja kinachoingia na kutoka. Programu za kazi hiyo, kama OPNsense, pfSense na OpenWrt, zinapatikana bila malipo. Gharama iko kwenye vifaa, na hapo ndipo mtu hununua mara mbili.

Ruta huhitaji angalau matundu mawili ya kebo: moja la kupokea intaneti, jingine la kuipeleka ndani. Kompyuta nyingi za mezani zina moja tu. Wengi hukimbilia adapta ya USB kwa kuwa ni rahisi na haihitaji kufungua mashine. Kwa laptopu ya safarini haina neno. Kwa ruta inayofanya kazi usiku na mchana, adapta hiyo huweza kupata joto na kukatika ghafla, na nyumba nzima ikakosa intaneti hadi mtu aichomoe na kuichomeka tena.

Kinachofaa ni kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, ya aina ya PCI Express. Kadi za PCI za zamani zisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Njia ya PCI hupitisha takriban megabaiti 133 kwa sekunde, nayo hugawanywa na kadi zote zilizomo. Tundu moja tu la gigabiti, likituma na kupokea kwa pamoja, hulemea njia hiyo. PCI Express, hata ya toleo la kwanza, hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde kila upande kwa njia yake yenyewe.

Chipu iliyo kwenye kadi nayo ina uzito wake. OPNsense na pfSense zimejengwa juu ya FreeBSD, na mfumo huo umezoeana na chipu za Intel kwa miaka mingi kuliko za Realtek. OpenWrt imejengwa juu ya Linux, ambayo huelewana na zote mbili. Kwa hivyo aliye na kadi ya Realtek tayari asiitupe. Ajaribu kwanza OpenWrt.

Kadi za Intel I350, zenye matundu mawili au manne, huuzwa zikiwa zimetolewa kwenye seva za zamani. Za bandia pia zipo, kwa hivyo muuzaji anayekubali kurudishiwa bidhaa ni bora kuliko mwenye bei ya chini kabisa. Anayetumia kompyuta nyembamba aombe kadi yenye bati fupi, la sivyo haitaingia.

Kwa mwenye duka, matundu manne yanafaa zaidi. Moja hupokea intaneti, la pili ni la kompyuta ya mahesabu, la tatu ni la kamera, la nne ni la Wi-Fi ya wateja, na ukuta wa kinga huzuia makundi hayo yasifikiane. Wi-Fi yenyewe iachiwe kifaa kingine, hata ruta ya zamani iliyogeuzwa kuwa kituo cha kurushia mawimbi.

Stima nayo ihesabiwe mapema. Kompyuta inayotumia wati 50 mfululizo humaliza uniti 36 kwa siku 30. Kompyuta ndogo ya wati 10 humaliza uniti 7.2. Mashine ya bure iliyokuwa stoo yaweza kugeuka ghali kwenye tokeni kabla ya mwaka kuisha. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha nyumba ya kawaida.

Kabla ya kununua chochote, mkazi aulize kampuni yake kama kisanduku chao kinaweza kuwekwa katika hali ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu bila kufanya kazi ya ruta. Kisipowekwa hivyo, kutakuwa na ruta mbili zinazofuatana, na kuzitazama kamera ukiwa mbali na nyumbani huwa kazi ngumu.