Kompyuta Ikilalamikia Kumbukumbu, Usikimbilie Dukani

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mjini Arusha, kutoka Kaloleni hadi Sakina, na hata katika vitongoji vilivyo chini ya Mlima Meru kama vile Tengeru na Ngaramtoni, kompyuta si kitu cha anasa tena. Mama huitumia kuweka hesabu za duka, baba kuandika barua za kazi, na watoto kujisomea. Mara nyingi mashine hiyo ni moja tu kwa nyumba nzima, tena iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla ya kununuliwa. Ndiyo sababu inapoanza kuganda, na kuandika kwenye kioo chake kwamba kumbukumbu pepe imepungua, nyumba nzima huingia wasiwasi na wazo la kwanza huwa ni kununua nyingine.

Wazo hilo lafaa liahirishwe. Tatizo hili mara nyingi huweza kutengenezwa hapo hapo nyumbani bila ya kutumia hata senti moja.

Meza na stoo

Ili kuelewa jambo hili, hebu tumfikirie mfanyabiashara wa Soko la Kilombero. Mbele yake ana meza ndogo, na nyuma yake ana stoo kubwa. Vitu vilivyo juu ya meza huvifikia mara moja, lakini meza ikijaa hulazimika kuviweka vingine sakafuni stoo, na kila mteja anapovitaka huinuka kwenda kuvichukua. Kazi huendelea, ila kwa mwendo wa kobe.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Meza yake ni kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM. Stoo ni diski. Ile sehemu ya sakafu ya stoo inayotumiwa kana kwamba ni meza ndiyo inayoitwa kumbukumbu pepe. Meza ikijaa, na sakafu nayo ikijaa, mashine haina pengine pa kuweka kitu, nayo hulalamika.

Ufundi huu una umri mkubwa. Ulitumiwa katika kompyuta iliyoitwa Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, wakati kumbukumbu ya haraka ilipokuwa ghali mno. Hapa nchini Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na miaka mingi ilipita kabla ya mashine hizi kuenea. Kwa hiyo wazazi wengi walikua bila ya kuziona, na si ajabu baadhi yao wakiogopa kuzigusa hadi leo. Hapana sababu ya kuogopa.

La kufanya

Kwanza, hifadhi kazi yako mara tu onyo linapotokea. Kilichomo katika kumbukumbu ya kazi hupotea umeme unapokatika au mashine inapoganda kabisa. Kisha funga programu zote usizozitumia na uiwashe kompyuta upya. Katika mashine zenye Windows 10 au 11, chagua amri ya kuwasha upya badala ya kuzima tu, kwa maana kuzima kwa kawaida huacha baadhi ya mambo ya zamani yamehifadhiwa.

Pili, mtafute mlaji. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, nawe utaona orodha ya programu na kiasi cha kumbukumbu ambacho kila moja inatumia. Mara nyingi mlaji mkubwa ni kivinjari cha intaneti kilichofunguliwa kurasa ishirini kwa wakati mmoja. Orodha hiyo hiyo huonyesha pia programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi; zile zisizo na kazi zizuie. Programu usiyoifahamu inayokula kumbukumbu nyingi yaweza kuwa kirusi. Ikague mashine kwa kinga iliyomo ndani ya Windows, ambayo hailipiwi.

Tatu, fagia stoo. Diski iliyojaa picha na sinema haiachi nafasi ya kumbukumbu pepe kupanuka. Hamishia vitu hivyo katika diski ya nje, kisha ulimwage pipa la takataka la kompyuta.

Nne, tazama kipimo cha kumbukumbu pepe yenyewe. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, uandike sysdm.cpl. Katika dirisha litakalofunguka, nenda ukurasa wa tatu, bonyeza kitufe cha kwanza, kisha nenda ukurasa wa pili na ubonyeze kitufe kilicho chini ya maneno "Virtual memory". Kisanduku cha juu kikiwa hakina alama ya vema, kitie alama, ili mashine ijipangie yenyewe. Palipo na lazima ya kuweka kipimo kwa mkono, kanuni ya siku nyingi ni mara moja na nusu ya kumbukumbu ya kazi kwa kuanzia, na mara tatu kwa mwisho. Mwenye gigabaiti 4, yaani megabaiti 4,096, ataandika 6,144 na 12,288, iwapo diski ina nafasi hiyo. Baada ya hapo washa upya.

Dawa ya kudumu

Hata hivyo, ndugu msomaji, sakafu haiwi meza. Onyo likirudi kila siku baada ya hatua hizo, dawa ni kuongeza RAM. Kabla ya kutoa fedha, mwombe fundi akuthibitishie mambo matatu: kwamba mashine yako ina nafasi ya kuongezea, maana baadhi ya kompyuta za mkononi zina kumbukumbu iliyochomelewa, kwamba aina inalingana, kwa kuwa DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na kwamba Windows yako si ya biti 32, ambayo haitumii zaidi ya gigabaiti 4.

Fundi anayekuambia ununue kompyuta mpya kabla ya kuyatazama hayo hajaitazama mashine yako. Akiba ya familia ni jasho la mwezi mzima, nayo yastahili kuulizwa maswali kabla ya kutoka mfukoni.