Mtera: Ghala la maji lenye wadai wengi

MSAFIRI atokaye Dodoma kwenda Iringa hulikuta Bwawa la Mtera kabla ya kuanza kupanda milima. Hapo ndipo abiria wengi hununua perege na kambale, na ndivyo wanavyoijua Mtera.

Lakini bwawa hili halikujengwa kwa ajili ya samaki. Ukuta wake ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya masika ya Mto Ruaha Mkuu, yatumike kiangazi katika kituo cha umeme cha Kidatu, mkoani Morogoro, chenye uwezo wa megawati 204. Mtera yenyewe ilipata mitambo mwaka 1988: miwili, kila mmoja megawati 40.

Ghala hilo lina mipaka yake. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, mitambo hutakiwa kuzimwa. Ni tofauti ya mita nane na nusu tu. Ukame ulipolikausha mwaka 2006, nchi iliingia katika mgawo wa umeme, na wenye saluni, mashine za kusaga na karakana za kuchomelea walikaa bila kazi.

Lawama nyingi huelekezwa kwa wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Ni kweli kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji ya Mtera huingia wakati wa masika. Kwa hiyo namna maji yanavyofunguliwa bwawani nayo ina sehemu yake.

Hilo halimwondolei mkulima wajibu. Mwenye kibali cha maji achukue kiasi alichoruhusiwa, na banio lifungwe shamba linapotosheka. Mvuvi naye aache nyavu za macho madogo, kwani perege mchanga akivuliwa leo, mwakani hakuna biashara.

Maji yakitoka Kidatu huendelea hadi Mto Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Tone linalookolewa Usangu, basi, linaweza kuzungusha mitambo mara tatu kabla ya kufika baharini.