Asili Moja, Nakala Nyingi

Mtu aliyepewa dhamana ya kompyuta moja aweza kuyahifadhi mapangilio yake kichwani. Walakini aliyepewa dhamana ya kompyuta arubaini, zilizounganishwa katika mtandao mmoja, hana budi kuwa na daftari, na daftari hilo sharti liwe moja.

Katika mashine zinazotumia Unix au Linux, mapangilio hayo huandikwa katika faili za maandishi matupu, aghalabu ndani ya saraka iitwayo /etc: humo ndimo mwandikwamo nani aruhusiwe kuingia, anwani ya mashine ni ipi, na majina yatafutwe kwa seva gani. Hatari huanza pale fundi, katika haraka ya usiku, anaporekebisha faili ya seva moja kwa mkono wake, akinuia kuzirekebisha zilizosalia kesho yake, na kesho ikaja na shughuli nyingine. Basi baada ya miezi michache mashine zilizokuwa sawa huwa zimekwisha khitilafiana, na hapana awezaye kusema kwa yakini ipi iliyo sahihi.

Taabu hii si ngeni. Zama za mtandao wa Arpanet, majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa California katika Stanford Research Institute chini ya uangalizi wa Elizabeth Feinler, na kila kituo kikachukua nakala yake huko. Asili ilikuwa moja, nalo lilikuwa jambo jema; lakini mtandao ulipokua, nakala zikawa zapitwa na wakati kabla hazijafika, hata mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa majina tunaoutumia mpaka leo.

Kwa faili nyinginezo, njia ilionyeshwa na Mark Burgess, aliyeanza kuiandika programu ya CFEngine katika Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 1993. Badala ya kuiamrisha mashine hatua kwa hatua, fundi huandika hali anayoitaka. Programu huilinganisha mashine na maandiko hayo, ikatengeneza palipopotoka na kupaacha palipo sawa, hivyo kwamba ikiendeshwa mara moja au mara mia, matokeo ni yale yale. Programu za Puppet na Ansible zilifuata nyayo hizo.

Daftari lenyewe lipangwe kwa tabaka tatu: yanayozihusu mashine zote, yanayohusu kazi maalumu, kama vile seva za barua, na yale machache ya mashine moja peke yake. Lihifadhiwe katika Git, programu itunzayo historia ya mabadiliko ya faili, ili kila badiliko liwe na tarehe, jina la mwandishi na sababu yake. Nywila zisiandikwe humo wazi, kwa kuwa kufuta neno katika faili ya leo hakulifuti katika kumbukumbu za jana. Na kila badiliko lijaribiwe kwanza kwa mashine moja.

Yote haya hayafai kitu bila ya uaminifu wa mwenye kulitunza daftari. Hata dharura ikimlazimisha kugusa seva kwa mkono, asilale kabla hajaliandika badiliko hilo katika asili. Maana siku seva itakapoharibika kabisa, ni yale yaliyomo daftarini tu ndiyo yatakayorudi nayo.