Fahamu: Sauti ya simu inapofikishwa mahakamani

Tuseme uko Gitambi, Rusizi, jirani amekiri kwa sauti ya WhatsApp kwamba shamba ni lako. Je, umeshinda kesi? Bado.

Kesi ya Diane Rwigara, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, na mama yake Adeline ni funzo. Walikamatwa Septemba 2017, na miongoni mwa ushahidi wa shtaka la uchochezi kulikuwa na sauti za WhatsApp ambazo Adeline alitumiana na jamaa zake. Upande wa mashtaka uliomba kifungo cha miaka 22. Tarehe 6 Desemba 2018 Mahakama Kuu iliwaachia huru. Kuhusu sauti hizo, ilisema yalikuwa mazungumzo ya faragha, si uchochezi wa umma. Kwa hiyo kurekodiwa ni jambo moja, kilichorekodiwa kuwa kosa ni jingine.

Na anayerekodi naye aangalie. Katiba ya Rwanda, kifungu cha 23, inalinda faragha, na sheria ya adhabu ya 2018 inagusa kurekodi mazungumzo kwa siri.

Ukiwa na sauti ya jirani huyo, usiikate wala kuihariri. Itunze simu iliyoipokea, kisha muone wakili kabla hujaisambaza.