Maradhi ya Ngozi na Mwili Uliopungukiwa na Kinga

Ndugu zetu Waislamu, msikitini kwetu yuko ndugu mmoja aliyeenewa na magamba meupe kichwani na viwikoni, na ngozi chini yake imevimba na kupasuka. Hapana aliyemfukuza, lakini safu ikimwachia nafasi ya mtu mzima kila upande. Nasi, twakiri, tulikuwamo katika safu hiyo.

Maradhi yale madaktari huyaita soriasisi. Hayaambukizi, si kwa kupeana mkono, wala kwa mkeka, wala kwa birika la udhu. Ni kinga ya mwili wenyewe kupotoka: askari wa mwili huigeukia ngozi, nayo ikaota upesi kupita kiasi.

Ajabu ni kuwa virusi vya UKIMWI, vinavyowapunguza askari hao, huweza kuyazidisha maradhi haya badala ya kuyatuliza. Kwa hiyo yakimzukia mtu ghafula na kwa ukali, daktari humtaka apimwe damu. Kupima huko si tuhuma ya zinaa, bali ni mlango wa tiba.

Na katika tiba ndimo mlimo khatari. Vidonge vya steroidi huipoza ngozi upesi, lakini vikiachwa maradhi huweza kurudi kwa nguvu, pengine na vipele vya usaha mwili mzima. Methotreksati nayo huishusha kinga. Kumpa ovyo aliyekwisha pungukiwa ni kumwondoa mlinzi katika nyumba iliyobomoka ukuta. Basi daktari huanza na mafuta ya kulainisha, dawa za kupaka, pengine na mionzi. Na mwenye virusi humpa ARV, ambazo huweza kuituliza hata ngozi. Iko pia asitretini, isiyoshusha kinga. Lakini hiyo hulemaza mtoto tumboni, na mwanamke aliyeitumia hukatazwa kushika mimba hata miaka 3 baada ya kuiacha.

Wazazi, acheni kuwapaka wagonjwa krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina steroidi kali isiyoandikwa juu yake. Huko Moshi, hospitali ya KCMC, kuna chuo cha maradhi ya ngozi, waulizeni wanaojua.

Na ambaye maji yatamdhuru ana rukhsa ya kutayamamu, asiache sala kwa ajili ya vidonda.

Ndugu yetu alikwenda akapimwa. Majibu yake ni amana yake, hatuyaandiki. Magamba yamepungua, hayajesha. Na Ijumaa iliyopita nafasi ilikuwa imebaki upande wake wa kushoto tu.