Bonde lisilo bakuli: ramani ya chini ya Tanganyika

Pale Mpala, kusini mwa Kalemie, mto Lufuko huingia ziwani na mchanga na matope. Kwa mamilioni ya miaka mito imelaza mashapo hayo tabaka juu ya tabaka, mahali pengine kwa unene wa kilomita kadhaa. Wanajiolojia huliita eneo hilo bonde la mashapo. Lakini kisichoonekana huchorwaje ramani?

Kwa mwangwi. Chombo hufyatua hewa majini. Sauti hushuka, hugonga sakafu ya ziwa na matabaka ya chini yake, kisha hurudi kwenye vinasa sauti. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde: mwangwi ukirudi baada ya sekunde 1, sakafu iko mita 750 chini. Ndani ya mashapo kasi huongezeka, hivyo mchoraji hukadiria. Ramani, kama tafsiri, ina mkono wa mtu.

Miaka ya 1980, mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulipima Tanganyika hivyo. Neno bonde hutufanya tufikirie bakuli. Wao walikuta mfululizo wa mabonde yaliyoinama. Upande mmoja umekatwa na ufa mkubwa, mwingine huteremka polepole. Ufa huo huwa mara mashariki, mara magharibi.

Mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya petroli, vikiwemo vya Tanganyika, 2024 ikaufuta. Ukirudi, mvuvi wa Mpala ataisomaje ramani hiyo bila maneno ya lugha yake? Kuyaandaa ni kazi yetu.