Kigogo si Jina la Cheo

Gogo ni shina la mti uliokwisha kuangushwa. Ukilitia kiambishi cha udogo, ungetazamia kupata gogo dogo. Lakini wasemaji wa Kiswahili wamelipindua neno hilo: kigogo ni mtu mkubwa, mwenye cheo au mali, asiyesogezwa kwa urahisi. Mwandishi wa Kenya, Pauline Kea, ameliita hivyo tamthilia yake, na magazeti yetu hayaishi kuandika habari za vigogo.

Kuwaita watu kwa majina ya miti si kwetu tu. Wasemaji wa Kikantoni kule China humsema mtu asiyeonyesha hisia zozote kuwa ana kinywa cha mti na uso wa mti. Tofauti ni kwamba wao hulaumu, ilhali sisi, kwa neno letu, tunaogopa na kusifu kwa pamoja.

Hapo ndipo penye hatari. Ibara ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Kiongozi wa namna hiyo aliitwa ndugu, na ndugu huulizwa. Kigogo haulizwi, watu humzunguka tu, kama wapita njia wanavyolizunguka gogo lililolala njiani.

Wakazi wa visiwani wanajua gharama ya kutouliza. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Usalama wa chombo una wenyewe: nahodha, mkata tiketi, mkaguzi, mkuu wa idara. Kila mmoja ana kazi yenye jina. Tukisema tu kwamba ni mambo ya vigogo, kazi hizo zote hubaki bila mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba wananchi wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wamtaje mtumishi kwa cheo chake na kumwuliza juu ya wajibu wake. Nao watumishi wa Serikali wasifurahie kuitwa vigogo. Gogo lililochongwa likawa mtumbwi huvusha watu. Lililoachwa likielea majini hupasua mitumbwi ya wengine. Kila mwenye cheo na achague atakuwa lipi.